Mpe Bibi Kwanza

Familia ya fundi makochi iliangamia yote, watu wanne, chai zao zikiwa bado zinafuka kando ya kompyuta. Wa kwanza kufa alikuwa fundi mwenyewe. Aliuawa mlangoni mwa nyumba ambayo hakuwahi kuingia, kwa sababu alisimama pale akimsubiri mama yake apite mbele.

"Baba, ulikuwa unafanya nini mlangoni?" binti yake aliuliza, akivua hedifoni.

"Namsubiri bibi yako."

"Bibi alikuwa bado yuko angani na mwavuli wake!"

"Sasa niingie nyumba ya watu, mama yangu nimwache nje?"

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha tatu, kiti cha kuzunguka kilichomfurahisha kuliko gemu lenyewe. Alijizungusha nusu duara akamtazama mwanawe. "Kwani mimi nimekufa au bado?"

"Umekufa, bibi. Wote tumekufa."

"Mbona sikusikia chochote?"

Mke wa fundi alicheka mpaka akaegemea meza. Yeye alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi hiyo kwa kusingizia jino. Alikufa akiwa amesimama uani, akihangaika kutafuta kitufe cha kutembea.

Binti hakucheka. Alitazama mlango wa ukumbi wa gemu, kule mwenye ukumbi alikokuwa anafagia huku akijifanya hasikii. Vijana wote walimwita Chaji, kwa sababu kila siku alipiga kelele kwamba hataki kuona simu ya mtu kwenye soketi zake. Chaji alitaka kuajiri mwalimu wa wageni. Ukumbi wake ulijaa vijana waliojua kucheza, lakini watu wazima walioletwa na watoto wao walikuja mara moja tu, wasirudi tena. Sababu ilijulikana. Katika gemu lile kundi kubwa la watu hurushwa kutoka kwenye ndege, wanne wanne, mikono mitupu, na kila timu hukimbilia majumba ya kisiwani kutafuta silaha. Halafu duara huanza kujifunga, uwanja unapungua, anayebaki nje anakufa, na timu inayobaki mwisho ndiyo inayoshinda. Mgeni hafiki kwenye duara. Anatua, anashangaa, anapigwa. Anarudi nyumbani akiwa amejiona mjinga mbele ya watoto, na mtu mzima hulipia mengi lakini si hilo.

Kwa hiyo Chaji alisema hataki kuona vyeti wala maneno. Anayetaka kazi alete watu watatu wa nyumbani kwake ambao hawajawahi kucheza, na Jumamosi mchana awafikishe wote wakiwa hai mpaka duara la kwanza lijifunge. Akifa mmoja, kazi hakuna. Waliojitokeza walikuwa wawili tu: kijana mmoja wa jirani aliyeitwa Miwani, na binti wa fundi, ambaye pale ukumbini walimwita Paka kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitua vibaya.

Paka alikuwa na sababu ya kuihitaji kazi kuliko Miwani. Shangazi yake, dada mkubwa wa fundi, alikuwa na nyumba kubwa katika mji wa mbali na watoto wadogo wasio na mwangalizi. Alikuwa amemwomba kaka yake ampe binti huyo, na fundi, mtu asiyejua kumkatalia dada yake kitu, alikwisha kusema ndiyo. Kama mpaka Jumatatu hana kazi, basi anapanda basi. Fundi hakuwahi kumwambia mtu kwamba tangu aliposema ile ndiyo alikuwa akipigilia misumari mahali pasipotakiwa.

"Tunarudia," alisema Paka. "Sikilizeni. Mkitua, kila mtu anaokota silaha. Si kazi ngumu hiyo."

Na kweli, safari hii wakaokota. Fundi alitua vizuri karibu na ghala, akaingia, akakuta bunduki sakafuni. Akaibeba, akatoka nayo mbio, akavuka barabara huku risasi zikirusha vumbi miguuni mwake, akamfikia mama yake, akaiweka chini mbele yake.

"Mama, chukua."

"Nina mbili amenipa mkeo."

"Chukua na hii."

"Mke mwenzangu naye amenipa kofia," alisema bibi, akimaanisha mjukuu wake. "Haya, nabonyeza wapi kuipokea?"

Paka alikuwa ameinuka kitini. "Hapana! Kofia niliidondosha uichukue wewe, mama, bibi kaiokota! Baba, rudi ndani! Mama, usimpe bibi! Kila mtu abaki na chake!"

Walikuwa wamekusanyika wote wanne katikati ya uwanja, wakigawana, kama watu waliokaa kwenye mkeka mmoja na sahani moja. Katika nyumba yao hakuna mkono ulioingia sahanini kabla ya mkono wa bibi, na hata sabuni mpya hufunguliwa naye. Timu ya watu wasiowajua ikapita na gari, ikapunguza mwendo kidogo tu, ikawafyeka. Bibi alikufa wa mwisho, akiwa na bunduki tatu mgongoni na hajui hata moja inavyolia.

Vijana wawili waliokuwa wamewahi kufika walikuwa wamesimama nyuma yao. Mmoja alifunika mdomo kwa mkono. "Paka, hii ni timu au ni harusi? Wanapeana zawadi!"

"Baba," alisema Paka, na sauti yake ilikuwa imepanda, "nimekwambia kaa ghalani. Nimekwambia usitoke. Kwa nini husikii?"

Fundi aligeuza kiti taratibu. Alikuwa mtu mpana, mwenye vidole vilivyoganda gundi kwenye kucha, na kipanya kilionekana mkononi mwake kama kipande cha sabuni kilichobaki.

"Unaniamrisha?"

"Humo ndani ndiyo, nakuamrisha. Humo ndani mimi si mwanao."

Ufagio wa Chaji ulisimama. Fundi aliweka hedifoni mezani kwa uangalifu mkubwa, uangalifu wa mtu anayejizuia kuitupa, akasimama, akachukua kofia yake.

"Basi tafuta baba wa humo ndani," alisema, akaondoka.

Karakana yake ilikuwa bati tatu na meza moja, mbele ya duka la vioo. Siku hiyo alikuwa na kochi la watu watatu, limevuliwa kitambaa chote, mbao na springi zikiwa nje. Alipiga nyundo kama anayegombana. Mteja alipita, mwanamke aliyevaa nadhifu, akamwona amekunja uso.

"Fundi, kochi langu litakuwa tayari? Au nimtafute anayecheka?"

"Litakuwa tayari, mama."

"Nimesikia siku hizi unacheza gemu na watoto."

Fundi aliinama kutafuta msumari ambao haukuanguka. Habari ilikuwa imemtangulia kutembea mtaani, na yeye ana miguu miwili tu. Mwanamke alipoondoka, fundi aliketi juu ya mbao tupu za kochi, na hapo ndipo mkewe alipomkuta. Mama yake alikuwa nyuma, anakuja polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Umemwacha mtoto analia chooni kwa Chaji," alisema mkewe.

"Ameniamrisha mbele za watu."

"Ameamrisha na mimi. Ameamrisha na mama. Mimi dukani naamrishwa na kijana ambaye hata pasi hajui kuishika, na narudi nyumbani nakula nashiba. Wewe umeamrishwa asubuhi moja na damu yako mwenyewe, umevimba."

"Si hilo tu. Ananiambia nimpite mama yangu. Nichukue mimi kwanza, mama abaki mikono mitupu. Mbele ya wale vijana!"

Bibi alikuwa amefika. Hakukaribishwa, aliketi mwenyewe kwenye ukingo wa kochi, springi zikalia.

"Wewe," alimwambia mwanawe, "unajua nimekufa mara ngapi leo?"

"Mama, ni mchezo."

"Kama ni mchezo mbona umenuna? Nimekufa na bunduki tatu mgongoni kama punda wa jeshi. Kila mtu anakuja, mama shika, mama shika. Hakuna hata mmoja aliyebaki na kitu cha kunitetea. Sasa hiyo ni heshima gani, ya kunibebesha mzigo halafu mnakufa mniache?" Alivuta pumzi. "Na mimi napenda lile gemu. Usinicheke. Nimekaa kwenye ile nyumba miaka, naletewa, napelekewa, nimewekwa kama kikombe cha kabatini. Leo nimeruka kutoka kwenye ndege. Nataka niruke tena, na safari hii nitafute changu kwa mkono wangu."

Mkewe alicheka kwa pua. Fundi hakucheka, lakini nyundo aliiweka chini.

Simu yake ikalia mfukoni. Alitazama kioo, akaipokea akiwa amesimama wima, kama dada yake anamwona.

"Ndiyo, dada... Ndiyo, hajambo... Jumatatu, ndiyo, tulisema... La, sijasema kwamba... Ndiyo, dada." Akakata. Wanawake wawili walikuwa wanamtazama.

"Anasema amemwandalia chumba," alisema. Kisha, akiangalia misumari: "Kina dirisha, anasema."

"Hata hapa tuna madirisha," alisema mkewe.

Mchana ule fundi alirudi ukumbini peke yake. Paka alikuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta, bila kuombwa, macho yamevimba. Fundi alivuta kiti, akaketi, akaweka mkono juu ya kipanya.

"Mambo ya pasi sijawahi kushindana na mama yako," alisema. "Kwa hiyo na humo ndani sitashindana. Nielekeze. Lakini usiseme si mwanangu mbele ya wale vijana. Niite baba, halafu uamrishe."

"Sawa, baba."

"Haya, amrisha."

"Okota ile bunduki, baba. Usimpelekee mtu."

Aliokota. Akakaa nayo ghalani, peke yake. Mpaka Ijumaa walifanya hivyo kila walipopata nafasi, na hawakufanya lingine. Hawakujifunza kuendesha gari, hawakujifunza kushinda. Walijifunza kutua, kuingia, kuchukua na kutaja kwa sauti walichopata, basi. Mara nyingi walikufa. Mara mbili hawakufa mpaka walipokaribia duara, na mara zote mbili walishtuka kiasi kwamba walisimama kushangilia na ndipo wakauawa.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama juu ya viti. Miwani alianza. Alikuja na kaka zake watatu, wanaume warefu wenye saa nzuri. Alikuwa mchezaji hodari kweli, hakuna aliyebisha. Alitua katikati ya mji, akaangusha timu nzima peke yake, ukumbi ukapiga makofi. Lakini alipogeuka kutafuta kaka zake, mmoja alikuwa amekufa kwenye ngazi, anauliza ni kitufe gani cha kuinama. Chaji alitikisa kichwa. Miwani alibishana kidogo, kisha akasogea kando akibaki kutazama.

"Paka na wazee wako," alisema Chaji.

Waliketi. Fundi alikuwa amevaa shati la kwenda kwa wakwe. Mkewe hakuomba ruhusa safari hii. Alimwambia bosi wake ukweli, na bosi wake alikuwa mle ndani, amesimama nyuma, anakula karanga.

Ndege ikapita juu ya kisiwa. "Hatushuki mjini," alisema Paka. "Mnaona zile nyumba nne ndogo kando ya barabara? Kila mtu na yake. Baba, ya kwanza. Mama, ya bluu. Bibi, yenye bati jekundu. Rukeni."

Wakaruka. Bibi alitoa sauti ndogo ya furaha ambayo fundi hakuwahi kuisikia katika maisha yake yote.

Fundi akatua. Akaingia bila kumsubiri mtu, na shingo yake ikapata joto kwa aibu, lakini akaingia. "Nina bunduki," alisema. "Fupi. Na risasi."

"Nina panga," alisema mkewe. "Na bomu la moshi, kama ndilo hili."

"Ndilo, mama. Kaa nalo."

"Mimi," alisema bibi, "nina bunduki ndefu, nina kofia, nina fulana ya kuzuia risasi, na simpi mtu."

Ukumbi ukacheka, hata Miwani akacheka. Simu ya fundi ikaanza kutetemeka mfukoni. Akaiacha itetemeke.

Halafu likasikika gari. Bibi, ambaye maishani hakuwahi kuvumilia kusikia gari nje bila kwenda kuchungulia nani amekuja, alifungua mlango akatoka.

"Bibi, rudi!"

Risasi zikalia. Bibi akaanguka barabarani. Hakufa; katika gemu lile mtu hupigwa kwanza akaanguka, akatambaa, na mwenzake akimwahi humwinua. Wale wawili wa kwenye gari walilijua hilo. Hawakummaliza. Walijificha nyuma ya gari wakamwacha atambae, chambo, wakisubiri nani atakuja kumwokota.

Fundi alimwona kupitia dirishani. Mtu mdogo mwenye kofia ya chuma, anatambaa kwenye lami. Mkono wake ulikwisha kumpeleka mpaka mlangoni.

"Baba, simama hapo hapo," alisema Paka.

"Anatambaa."

"Naona, baba. Simama."

"Mzee, yule si mama yako?" kijana mmoja alipaza sauti nyuma. "Utamwacha?"

Watu wakaguna. Fundi alihisi macho yote yamemtua mgongoni, ya vijana, ya wateja, ya yule mwanamke wa kochi kama naye yumo. Kisha akahisi kitu kimemfinya mkono, kwa nguvu, juu ya kiwiko, mfinyo ambao aliujua tangu hajaota meno.

"Mimi niko hapa," alisema mama yake kutoka kiti cha pembeni. "Yule ni picha. Ukitoka nje nitakuchapa mbele za watu hawa."

Fundi alirudi dirishani. "Nifanye nini?" alimuuliza binti yake. Hakuuliza kwa hasira wala kwa dhihaka. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Piga gari, baba. Usimtafute mtu, huwezi kumpata. Piga gari tu, usiache, wakutazame wewe. Mama, moshi uangukie kwa bibi. Sasa!"

Fundi akapiga. Risasi zake zilikwenda kwenye bati, kwenye lami, kwenye mawingu, lakini ziliendelea kwenda. Wale wawili wakageukia dirisha lake, vioo vikaruka. Mkewe akatupa moshi. Ukaangukia ng'ambo kidogo, kisha upepo wa gemu ukauleta palipotakiwa. Barabara ikapotea. Ndani ya weupe ule Paka aliingia ameinama, na kwa muda ukumbi mzima haukuona kitu ila moshi na mwanga wa bunduki ya fundi.

"Risasi zimeisha," alisema fundi.

"Weka nyingine, baba. Kitufe nilichokuonyesha."

Akakibonyeza. Gari likaanza kutoa moto. Wale wawili wakaliona, wakalikimbia kabla halijalipuka, wakapotelea bondeni.

"Nimesimama," alisema bibi. "Mke mwenzangu, kumbe una mikono myepesi."

"Mbio!" alisema Paka. "Wote, nifuateni, duara linakuja!"

Nyuma yao ukuta wa bluu wa duara ulikuwa unateleza juu ya mashamba, unameza nyumba moja baada ya nyingine. Wakakimbia mlimani. Mkewe alibaki nyuma.

"Mama, uko wapi?"

"Kuna bandeji hapa, nzuri tu, watu wameziacha."

"Mama, achaaa!"

"Nakuja, nakuja, nimechukua mbili."

Alivuka mstari ukuta ukimgusa kisigino. Juu ya kioo maandishi yakatokea kwamba duara la kwanza limejifunga. Pembeni, majina manne ya timu yao, yote bado meupe. Hakuna lililozimika.

Ukumbi ulilipuka. Bosi wa dobi alimwaga karanga. Chaji alijipenyeza kati ya watu, akaweka mkono juu ya kiti cha Paka.

"Jumatatu asubuhi," alisema. "Uje na hao hao uwafundishe wengine kwa mfano wao. Na usichaji simu."

Paka aliitikia kwa kichwa tu. Hakutaka kumgeukia mtu. Macho yake yalikuwa bado kwenye kioo, yanawatafuta: mmoja, wa pili, wa tatu.

"Sasa tunakwenda wapi?" aliuliza mke wa fundi. "Mbona halijaisha?"

"Sijui, mama." Alifuta pua kwa kiganja. "Mnataka kwenda wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuwauliza. Wote wakajibu pamoja na hakuna kilichosikika.

Simu ya fundi ikatetemeka tena. Safari hii aliitoa, akaibana kati ya bega na sikio, mikono yake ikibaki kazini.

"Ndiyo, dada. Hapana, haji... Nimesema haji, dada yangu, amepata kazi. Ndiyo, najua nilisema. Sasa nasema hivi." Alisikiliza kidogo, uso wake umetulia. "Nitakupigia baadaye, nina shughuli na mama."

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwa Chaji, inauliza mama ana nini, anaumwa?

"Haumwi," alisema fundi. "Yuko juu ya mlima na bunduki, anatuita tumfuate."